Geuza Rimu Kabla ya Kutoa Pesa

Rimu ya mtumba huuzwa kwa uso. Pita Gerezani au Shauri Moyo jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga ya Nairobi ambayo watu wa gereji bado wanaiita Grogan, utazikuta zimepangwa ukutani zimesuguliwa hadi zinameta, na muuzaji kando yake yuko tayari kukuambia kwamba zimeshuka kwenye kontena juzi tu, hazijagusa lami ya hapa. Pengine anasema kweli. Ila rimu haiharibikii usoni. Huharibikia nyuma, kwenye duara la ndani linalotazama shokapu, na kwenye matundu ya nati, sehemu mbili ambazo hakuna muuzaji atakayekuhimiza uzitazame. Haya ninayoandika yanamlenga anayetafuta rimu za alumini, zile tunazoziita sport rimu, kwa sababu huko ndiko pesa nyingi inakopotea na ndiko ajali zilipo. Rimu ya chuma nitaigusa kwa kupita.

Upande wa nje wa rimu umeshikwa na spoku. Ukingo wa ndani haukushikwa na kitu. Gurudumu likitumbukia shimoni kwa kasi, au likivamia tuta lisilochorwa rangi, ukingo huo ndio unaokunjika kwanza. Ukikunjwa mara kadhaa hupasuka, na ufa hutoka pembeni ukatambaa polepole kuelekea katikati. Rimu ikiwa imevaa tairi, ufa huo mara nyingi huwezi kuuona hata ukilala chali chini ya gari.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuitazama rimu bila tairi. Nyingi huuzwa zikiwa na matairi yake, tena yamejazwa upepo, na muuzaji atalalamika kwamba kuyavua ni usumbufu. Mwambie, “Kaka, fundi tairi nitamlipa mimi.” Gharama ya kuvua matairi manne ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya rimu nne. Akikataa katakata, mshukuru uende duka la pili. Zipo tele.

Ikishavuliwa, futa masizi ya breki kwa kitambaa kilicholowa, washa tochi ya simu, kisha uizungushe taratibu. Kagua ukingo wote wa ndani, mahali tairi linapokalia, shina la kila spoku kwa upande wa nyuma, na nafasi iliyopo kati ya tundu moja la nati na jingine. Pitisha ukucha popote unapoona mstari mwembamba: mkwaruzo una sakafu unayoihisi, ufa huudaka ukucha. Halafu omba rimu ifungwe kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu na izungushwe. Tazama ukingo, usitazame namba za mashine. Ukingo ukichezacheza zaidi ya milimita moja hivi, mchezo huo utakufuata hadi kwenye usukani.

Wauzaji wengine hupenda kuigonga rimu kwa spana ili uisikie inavyolia. Ufa mkubwa huifanya itoe sauti bubu, hilo ni kweli, lakini ufa mdogo haubadilishi mlio wowote. Usiridhike na kengele. Kuna njia ya zamani, waliyoitumia mafundi wa reli kukagua vyuma vya mabehewa, ambayo unaweza kuifanya hapo hapo kwa mafuta ya taa na chaki. Paka mafuta ya taa sehemu unayoitilia shaka, yaache dakika kumi au kumi na tano yapenye, yafute mpaka pakauke, kisha pakaze unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda juu na kuchora mstari wa unyevu kwenye weupe. Muuzaji atakuona msumbufu. Mwache akuone hivyo.

Dalili nyingine haihitaji hata kuvua tairi, na ni ya kwetu hasa. Rimu za magari madogo ya sasa ni za tyubulesi. Zikianza kuvuja kwa ufa au kutu, fundi wa barabarani huwa na dawa ya haraka: anatia tyubu ndani. Tatizo linafichika na gari linauzika. Tazama valvu. Ya tyubulesi ina kitako cha mpira kilichoziba tundu lake barabara, au ni ya chuma yenye nati na wosha. Ya tyubu hupita kwenye tundu kwa ulegevu, na ukiisukuma kwa kidole inazama ndani. Ukiikuta, jua kwamba kuna mtu alishindwa kuifanya rimu hiyo ishike upepo. Isitoshe, tairi la tyubulesi likipigwa msumari hutoa upepo taratibu ukapata muda wa kupaki. Lenye tyubu hushuka ghafla, na ukiwa kasi ya mia unaweza usipate nafasi ya kufikiri.

Iliyochomelewa iache

Hapa sina upole. Rimu nyingi za alumini zimetengenezwa kwa aloi ya alumini na silikoni yenye magnesiamu kidogo, inayojulikana viwandani kama A356. Ikishamiminwa kwenye kalibu haijawa imara bado. Hupashwa moto hadi karibu nyuzi 540 za Selsiasi, ikazamishwa majini, kisha ikapikwa tena kwa saa kadhaa kwenye joto la chini zaidi, kati ya nyuzi 150 na 170 hivi. Nguvu yake inatoka kwenye mapishi hayo. Fundi anapoyeyusha ufa ili auzibe, anaziba ufa kweli, lakini joto lake limekwisha kuvuruga mapishi ya sehemu yote inayozunguka mshono. Alumini ya hapo inakuwa laini. Ndiyo maana rimu iliyochomelewa mara nyingi hupasuka tena pembeni tu ya mshono, fundi akaapa kwamba kazi yake haijaachia. Na kweli haijaachia.

Wapo watakaokuambia kwamba mshono wa ukingoni hauna neno. Mimi sinunui. Mshono kwenye spoku au karibu na matundu ya nati usiuchukue hata ukipewa bure, maana hapo ikikatika gurudumu linaondoka. Kunyoosha ni habari nyingine. Mkunjo mdogo wa ukingo wa ndani, usio na ufa, ulionyooshwa kwa mashine ya hadroliki, unavumilika kama bei imepungua. Ulionyooshwa kwa gesi na nyundo una ugonjwa uleule wa kuchomelea. Ukiona rangi imeungua au imevimba sehemu moja tu, uliza moto ulifuata nini pale.

Chuma hakina mambo hayo. Hupinda kabla ya kupasuka, hukubali nyundo, na ndiyo sababu daladala nyingi hazijawahi kukiacha. Kama njia yako ya kila siku ni ya changarawe, rimu ya chuma ya inchi 15 na kifuniko chake ingekufaa kuliko nusu ya zile zinazometa ukutani.

Rangi mpya nayo itilie shaka. Rangi nene inafunika ufa, inafunika gundi ya chuma iliyojazwa kwenye ukingo uliomeguka, na inafunika kutu nyeupe ya alumini, ile ya unga inayoinua rangi kama malengelenge. Kutu hiyo hula mahali tairi linapokalia, ukawa unajaza upepo kila wiki bila kuona msumari. Watu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar, wanaijua kazi ya chumvi. Wasichokumbuka wengi ni kwamba rimu inaweza kuja na chumvi yake kutoka huko huko: Hokkaido na kaskazini mwa Japani barabara hunyunyiziwa chumvi kila majira ya baridi ili barafu iyeyuke, na Uingereza ni vivyo hivyo. Kati ya rimu iliyopakwa rangi jana na iliyochubuka kihalali, yenye vumbi la breki lake, chagua ya pili. Angalau hiyo unaona ilivyoumia.

Matundu matano si matano yaleyale

Sasa tuseme rimu ni nzima. Je, ni ya gari lako? Kosa hapa ni la kimya kimya, kwa sababu rimu isiyo yako inaweza kuingia kabisa na gari likatembea.

Jambo la kwanza ni duara la nati, ambalo mafundi huliita PCD. Vitz, Passo na IST ya toleo la kwanza zina nati nne kwenye duara la milimita 100. Premio, Allion na Wish zina tano kwenye duara la 100, sawa na Impreza na Forester za miaka mingi. RAV4, Harrier, Mark X, X-Trail na CR-V zina tano kwenye 114.3. Mercedes na Volkswagen nyingi zina tano kwenye 112. Mtego uko kwenye hizo mbili za mwisho. Ukipima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jirani, ya 112 inakupa milimita 65.8 na ya 114.3 inakupa 67.2. Tofauti haifiki hata milimita moja na nusu; jicho haliioni, na fundi mwenye mashine ya upepo anailazimisha ikaingia. Nati zinakaa kiupande, stadi zinavutwa pembeni kila gurudumu linapozunguka, na siku moja inakatika moja, kisha zilizobaki zinafuatana. Kwa rimu ya nati nne kupima ni rahisi: katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linaloitazama ndiyo PCD yenyewe. Ukikuta rimu iliyotobolewa matundu mapya mtaani ili ikubali gari jingine, iache hapo ilipo.

Nati zenyewe zina lugha zake. Toyota na Honda nyingi hutumia uzi wa milimita 12 wenye hatua ya 1.5, Subaru na Nissan 12 kwa 1.25. Nati ya Subaru kwenye stadi ya Toyota inaanza vizuri, inakaza mapema, na kijana mwenye mashine anaimalizia kwa nguvu akidhani ni kutu. Hapo uzi umekwisha. Kichwa nacho kina umbo lake: rimu nyingi za dukani zinataka nati yenye koni, rimu za alumini za Toyota zenyewe zinataka nati bapa yenye wosha, Honda hutumia ya mviringo. Nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, na italegea. Nunua nati zinazolingana na rimu. Usirudishie za zamani kwa sababu zipo. Na uzihesabu kwa mkono zinapoingia: kwa uzi wa 1.5, nati isiyozunguka walau mara nane kamili kabla ya kukaza haijashika vya kutosha.

Tundu la katikati ndilo chanzo cha malalamiko mengi ya “nimefanya balansi mara tatu bado inatetemeka”. Habu ya Toyota ndogo ina milimita 54.1, ya Toyota kubwa kidogo 60.1, Subaru 56.1, Nissan 66.1. Rimu nyingi za BMW zina tundu la 72.6. Rimu yenye tundu pana kuliko habu haijui katikati iko wapi, inategemea nati peke yake, na kutoka kasi ya themanini usukani unaanza kutetemeka. Dawa yake ni ringi ya kujaza nafasi hiyo, yenye vipimo vyote viwili. Ni kitu cha bei ndogo ambacho wauzaji wetu wengi hawakitaji kabisa.

Kisha kuna ofseti, umbali ambao uso unaofungwa kwenye habu umesogea kutoka katikati ya rimu. Imeandikwa nyuma, kwa mfano ET45, au namba 45 imesimama peke yake baada ya upana. Ikitofautiana sana na ya gari lako, gurudumu linatoka nje ya madigadi au linaingia ndani kusugua. Muuzaji atakuonyesha kwamba linazunguka bila kugusa, gari likiwa tupu juu ya jeki. Lishushe chini, jaza watu wanne, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, ndipo usikilize. Hakikisha pia kalipa ya breki ya mbele haigusi spoku. Spesa za kusogeza rimu nje siziamini, hasa zile za bati zisizo na stadi zake.

Kuhusu ukubwa nitasema kidogo tu, maana kila mtu na ladha yake. Premio iliyotoka na 195/65 R15 ina ukuta wa tairi wa milimita 127 hivi. Ukienda inchi 17 na 225/45, kimo cha gurudumu hakibadiliki karibu hata kidogo, lakini ukuta unabaki 101. Inchi 18 na 225/40 unabaki 90. Milimita zilizopungua ndizo zilizokuwa zikimeza kingo za mashimo kwa niaba ya rimu. Kwa barabara zetu, kila inchi unayoongeza unaikaribisha rimu kwenye shimo.

Chapa na uzito

Nyuma ya rimu ya Kijapani tafuta herufi JWL, alama ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi nyepesi, na mara nyingi VIA kando yake, yaani imepimwa na chombo kingine nje ya kiwanda. Kwa magari ya mizigo na mabasi alama ni JWL-T. Hii ni muhimu kwa mwenye Hiace au Probox ya biashara. Probox inakubali rimu yoyote ya nne kwa 100, hata iliyotoka kwenye gari dogo la mama wa nyumbani wa Osaka, ila rimu hiyo haikukusudiwa kubeba magunia. Uzito wa juu huwa umechapwa nyuma. Usipoupata, usiibebeshe mzigo.

Alama peke yake si ushahidi. Anayeiga umbo la rimu anaweza kuiga na herufi, na miundo maarufu, kama ile TE37 ya RAYS iliyotoka mwaka 1996, imeigwa kila pembe ya dunia. Rimu halali huwa na jina la mtengenezaji, ukubwa, ofseti, na mara nyingi kiduara kidogo chenye mwaka na mwezi wa kumiminwa, vyote vikiwa safi na vinavyosomeka. Herufi zilizofifia na bei ya kutupwa vikikutana, umepata jibu.

Kama huna haraka, tafuta rimu za kampuni zilizotoka kwenye gari la aina yako lililokatwa kwa ajili ya vipuri. Hazina mbwembwe, lakini PCD, tundu la kati, ofseti na uzito vyote vinalingana, na kazi yako inabaki kutafuta nyufa tu.

Matairi yanayokuja nazo yahesabu kuwa zawadi isiyo na dhamana. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT: 3516 ni wiki ya 35 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa marefu na mpira umezeeka. Halafu tafuta neno STUDLESS ubavuni, au picha ya mlima wenye chembe ya theluji. Hilo ni tairi la majira ya baridi, na kwa sababu Wajapani wengi huwa na seti ya pili ya rimu kwa ajili ya theluji, makontena huja nayo mengi. Mpira wake umekusudiwa kubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye joto la Dar au Mombasa unalika haraka, na breki yake kwenye lami ya moto hairidhishi.

Usisahau swali la wapi zimetoka. Seti nzima isiyo na kasoro, bei nusu ya soko, muuzaji hana duka na anataka mkutane jioni: zimefunguliwa kwenye gari la mtu. Kupokea mali ya wizi ni kosa Tanzania na Kenya; kwa Kenya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinafika miaka 14 jela. Dai risiti, ya mashine ya EFD kwa Tanzania, lipa kwa simu ili ubaki na jina na tarehe, na piga picha ya nyuma ya kila rimu.

Siku ya kufunga, kwaruza rangi yote iliyoko kwenye uso unaogusa habu na kwenye vikalio vya nati. Rangi ikibaki hapo husagika, na nati iliyokuwa imekaza inalegea bila kosa la mtu. Nati zianzwe kwa vidole, zikazwe kwa kuruka upande mpaka upande, na zimaliziwe kwa toki renchi. Kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni Nm 103. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zirudie, rimu zikiwa zimepoa. Na rimu zako za zamani usimwachie muuzaji siku hiyo kama sehemu ya malipo, hata akikubembeleza. Zipeleke nyumbani, kama uko Dar nenda na gari hadi Chalinze na kurudi, na kama usukani umetulia na upepo haujapungua kwa wiki mbili, hapo ndipo mzungumze bei yake.